Mafuta ya Puani

"Kamba moja juu ya masikio, nyingine shingoni," alisema Stan Purslow, mwenye kiwanda, akigawa barakoa mpya kutoka kwenye boksi. "Na mkiulizwa, mnazivaa kila siku."

Avril Bayliss aliipokea ya kwake akaigeuza mara mbili. Hakujua upande wa juu ni upi. Siku nyingine angemuuliza Glenda. Wawili hao walikuwa wamekaa benchi moja tangu watoto wao hawajazaliwa, wakifunga mabomba ya bafuni kwa waya kwenye fremu, tayari kuzamishwa kwenye tangi la kromu na kutoka yaking'aa kama kioo. Lakini Glenda alikuwa ameisogeza stuli yake hadi mwisho wa benchi, na katikati yao sasa palikuwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu.

"Jambo jingine," Stan akaendelea. "Makopo ya mafuta yakae mifukoni. Leo sitaki kumwona mtu akipaka pua."

Watu walitazama chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangi likiwashwa umeme, maji yake mekundu huanza kuchemka bila moto, na juu yake hupanda ukungu mwembamba ambao macho hayauoni vizuri, ila pua huujua. Ukungu huo hula nyama. Ndiyo maana pale kiwandani, kila mtu asikiapo mvumo wa umeme, huchovya kidole kwenye kopo la mafuta ya mgando na kujipaka ndani ya pua, kulia na kushoto, kisha akaendelea na kazi. Desturi hiyo ilianzishwa na baba yake Stan, aliyekuwa akiyagawa makopo kwa mkono wake mwenyewe. Clive, mtu wa tangi, alichelewa kuizoea. Ukuta wa katikati ya pua yake ulikuwa na tundu. Kila Krismasi, pale baa, alipitisha uzi tundu hili la pua ukatokea la pili, akanunuliwa bia.

Mwezi uliopita Stan aliwakusanya mlangoni mwa ofisi yake. Alisema wabunge wanakuja. Tangu nchi ilipojitoa Umoja wa Ulaya, vibali vya kutumia kromu vilivyotolewa kule vilibidi viamuliwe upya hapa nyumbani, na ofisi mpya ya serikali ilikuwa bado haijaamua. Kamati ya Bunge ilitaka kujua, wakati huu wa kungoja, viwanda vinaangaliwa na nani.

"Wakitubana, tangi linafungwa," alisema. "Kazi inakwenda Poland au China, na hapa Darlaston tutabakiwa na maduka ya kamari. Na mjue, kuna mtu humu ndani amepeleka maneno London. Sitauliza ni nani."

Akaingia ofisini, akafunga mlango. Kweli hakuuliza. Waliulizana wenyewe, kwa macho.

Shaka ilimwangukia Avril kwa sababu ya damu. Jumapili moja pua yake ilitoka damu hata ikabidi aende hospitali, na kiwanda kizima kikajua.

"Avril," Clive alimwambia wakati wa chai, mbele ya watu, "ukimpigia tena simu Waziri Mkuu, mwambie mimi sukari vijiko viwili."

Wote walicheka. Aliyecheka kwa muda mrefu zaidi ni Glenda.

Avril naye alikuwa na lake moyoni. Mtoto wa kiume wa Glenda alifanya kazi halmashauri, alivaa tai, alijua watu. Nani mwingine angejua mlango wa kubisha huko London? Mara kwa mara alimtupia Glenda jicho la pembeni, akasema kimoyomoyo: ni wewe, na kicheko chako ni cha kujificha. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua zaidi. Siku ile hospitali, daktari alimuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Naye akasema yote, tangi, ukungu, mafuta. Daktari aliandika kwenye kompyuta, kisha akaigeuza kidogo ili asione. Je, kama ni yeye mwenyewe aliyewauza wenzake, bila kujua?

Wageni walifika kabla ya saa sita. Walikuwa wabunge wawili na karani wao. Mbunge wa kwanza alikuwa mama mrefu, Philippa Ainscough, aliyeazimwa buti za mpira zilizompwaya hata akawa anaburuta miguu. Wa pili alikuwa bwana mfupi mwenye miwani, Denholm Yeo, anayegusa kila kitu alichoambiwa asiguse.

Tangi lilikuwa kimya. Juu ya maji vilielea vipira vyeupe vya plastiki vya kuzuia ukungu, vipya kabisa, vimetandazwa Ijumaa.

"Kwanza tunakushukuru kwa kutualika, Bwana Purslow," alisema Mama Ainscough. "Ni wachache wanaotuandikia wenyewe na kutuomba tuje tuone."

Waya ulimponyoka Avril mkononi.

Kutualika.

Stan alikohoa. "Ni wajibu tu, Mheshimiwa. Tunaomba muda, basi. Mtuongezee miaka michache."

Avril aligeuka kumtazama Glenda. Glenda alikuwa tayari anamtazama yeye. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Hapakuwa na mtu aliyepeleka maneno. Mwenye kiwanda aliwaita mwenyewe, kisha akawaachia wafanyakazi mfupa waugombanie, kwa kuwa watu wanaochungana wao kwa wao hawana nafasi ya kumchunga bosi.

"Mbona limezimwa?" Bwana Yeo aliuliza, ameinama juu ya tangi. "Tumepanda treni kutoka London kuja kutazama maji yaliyolala?"

"Leo ni siku ya usafi, Mheshimiwa."

"Liwashwe kidogo tu."

Stan alitazama buti za mama yule, akatazama dari, mwishowe akamtikisia Clive kichwa kukubali. Clive akabonyeza swichi. Mvumo ukaanza chini ya sakafu, ukapanda kwenye miguu ya stuli.

Na hapo ndipo ilipotokea. Hakuna aliyekusudia. Mikono ilikwenda yenyewe. Barakoa zikashushwa kidevuni, makopo yakatoka mifukoni, vidole vikachovya, na kiwanda kizima kikajipaka pua, kulia na kushoto, kwa pamoja, kama waumini wanaofanya ishara ya msalaba. Avril alishtuka kidole chake kikiwa bado puani. Glenda vilevile. Hata Stan, mtoto wa baba yake, mkono ulikuwa umefika nusu ya mfuko wa koti.

Mvumo uliendelea chini yao.

"Mafua," alisema Stan. "Msimu huu Darlaston nzima ina mafua."

"Yamewashikeni wote kwa mpigo?" aliuliza Bwana Yeo.

Mama Ainscough aliburuta buti zake hadi benchi la mabomba, akasimama kwenye ile nafasi ya mtu wa tatu. "Mama," alimwambia Avril kwa sauti ya chini, "ni mafua kweli?"

Avril hakumwamini. Mikono ya mbunge huyu ilikuwa safi mno, na jioni angerudi London na kunywa chai isiyo na ladha ya chuma. Akisema ni mafua, tangi litapata miaka yake, na pua yake je? Akisema si mafua, benchi hili litauzwa kama kuni, na wote hawa watajua ni nani aliyelichoma.

"Nikisema," alijibu, akiutazama waya, "kesho nani atakuja kuangalia?"

Mama yule alifikiri. "Zamani mengi yalikuwa yakiamuliwa kule Ulaya. Sasa ni juu yetu, na watu wetu bado ni wachache. Jibu la swali lako ndilo tunalolitafuta."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui."

Avril alikuwa amejiandaa kwa jibu tamu. Hili la uchungu lilimkuta hana kinga.

"Si mafua," alisema Avril.

Stan alifumba macho. Clive alitoka kwenye swichi, akaivua barakoa yake kabisa, akaitundika kwenye msumari.

"Glenda," alisema, "nipe uzi."

"Clive, acha."

"Nipe uzi, mama. Leo bila bia."

Glenda alivuta uzi kwenye ukingo wa sweta lake, akaukata kwa meno, akampa. Clive akainua uso kwenye taa. Bwana Yeo alitazama hadi uzi ulipotokea upande wa pili, kisha akavua miwani yake, akaanza kuifuta, na aliifuta muda mrefu.

Walipokuwa wakiondoka, karani alimsogelea Avril akamuuliza kama angeweza kwenda London kuyasema hayo mbele ya kamati. Nauli wangelipa wao. Avril alisema atafikiri. Stan alikuwa karibu, anafunga mlango wa ghala ambao kwa kawaida haufungwi.

Jioni mvua ilikuwa inanyesha. Avril na Glenda walisimama kituo cha basi.

"Nilidhani ni wewe," Glenda alisema mwishowe.

"Nami nilidhani ni wewe. Na mwanao."

"Mwanangu hawezi hata kuandika kadi ya Krismasi." Akapangusa pua. "Utaenda?"

"Wakinikatia tiketi na tangi likafungwa, wewe utanisalimia?"

Glenda aligeuka kutazama barabara, na Avril alilielewa hilo.

Basi lilikuwa halijaonekana. Lililokuja ni gari la Stan, taratibu, likasimama ukingoni mbele yao. Miaka yote hiyo hakuwahi kumpa lifti mtu yeyote. Alijinyoosha kutoka kwenye usukani, akaufungua mlango wa abiria kwa ndani.

"Ingia, Avril," alisema kwa upole. "Nikufikishe nyumbani. Tuzungumze kidogo."

Mkono wa Glenda ulimshika kiwiko. Avril hakujua kama unamzuia au unamsukuma. Injini ilinguruma, mlango ukabaki wazi, na mvua ikaanza kulowesha kiti.