Sababu ya Kila Badiliko

Musimbi alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha biashara mjini Eldoret, ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wasichana kupiga chapa. Kisha ikaja ile Januari ya 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi. Chuo kikafungwa, naye akajikuta katika uwanja wa kanisa uliojaa watu waliokimbia nyumba zao, akiwa na kompyuta moja ya mkononi na daftari la majina. Kila mtu pale alikuwa anamtafuta mtu. Mama alimtafuta mtoto, mume alimtafuta mke, kaka alimtafuta dada aliyeonekana mara ya mwisho akiruka ua wa jirani bila viatu.

Yeye na mwalimu mwenzake, Kigen, kijana wa kutoka Iten, waliandika programu ndogo kwa siku nne. Waliiita Nipo. Ukituma ujumbe wa simu wenye jina lako na mahali ulipo, Nipo iliuweka. Na aliyekutafuta akituma jina lako, ilimjibu. Kwa kuwa kila jamii ilikuwa imekimbilia upande wake, programu ilisoma jina, ikakisia jamii, ikajua ianzie kutafuta kambi gani. Kwa hiyo ilihitaji jedwali la majina, na Musimbi alilijaza kwa mkono, akiwauliza akina mama wa kanisa: Nekoye ni wa wapi, Jepchumba ni wa wapi, Wanyoike ni wa wapi. Swali hilohilo lilikuwa likiua watu kwenye vizuizi vya barabarani. Yeye alilitumia kuwarudisha watu kwao, na hakuona ubaya wake. Kufikia Aprili, watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamepatana kupitia Nipo.

Kigen ndiye aliyesema waiweke wazi mtandaoni, iwe programu huria: yeyote aichukue, aisome ndani, airekebishe, aitumie kwa kazi yoyote bila kuomba ruhusa. Aliweka na sheria moja. Kila badiliko, hata liwe la neno moja, liandikiwe sababu, na sababu hiyo ibaki pale daima.

“Mtu akikuja kesho ajue tulikuwa tunafikiria nini,” alisema.

Musimbi aliipenda sheria hiyo kuliko hata mwenyewe aliyeitunga. Wengine waliandika maneno mawili, “kosa limerekebishwa”, wakaenda zao. Yeye aliandika aya nzima yenye nukta na mkato, maana mwalimu ni mwalimu.

Nipo ilikua kama mahindi yaliyowahi mvua. Nchi moja ilipigwa na tetemeko, wakaichukua. Nyingine ilifurika maji, wakaichukua. Vijana wasiowahi kukanyaga Kenya walituma marekebisho kwa mamia. Kisha wakaja wafadhili, na palipo na wafadhili lazima pawe na ofisi. Kigen akahamia Nairobi akapewa meza na cheo. Mwaka 2011 mkutano wa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona kambi uliamua kwamba kazi ya kuwatafuta waliopotea imepitwa na wakati. Kilichotakiwa sasa ni lile jedwali. Zahanati, shule na makampuni ya mikopo yalitaka mashine inayoweza kusoma majina mawili na kusema kama ni ya familia moja. Sehemu ya kutafuta watu ikaondolewa. Musimbi aliandika barua ndefu ya kupinga, akajibiwa kwa mistari miwili ya kumshukuru kwa mchango wake. Wakamwachia utunzaji wa jedwali, bila malipo, naye akakubali. Mtoto hakui kwa mamake. Kila Jumapili baada ya ibada aliketi nyumbani kwake Kimumu akirekebisha jina hili na lile.

Mapema mwaka 2012 alijiwa na Ephantus Wanyoike, seremala wa vitanda wa mtaa wa Huruma hapo mjini, amembeba mwanawe wa miaka minne begani. Ephantus alikuwa mmoja wa wale mia tatu na kumi na wawili. Nipo ndiyo iliyomkutanisha na mama yake mzazi. Sasa zahanati moja mjini ilikuwa imeanza kutumia Nipo kwenye kadi za wagonjwa, na mashine ilikuwa imemkataa mtoto. Baba ni Wanyoike, mtoto ni Kipkirui, majina ya jamii mbili. Mashine ilisema hao si familia.

“Karani amenishika hapo masaa matatu, Mwalimu,” Ephantus alisema. “Ananiuliza huyu mtoto nimemtoa wapi. Na homa iko juu.”

“Na kwa nini ukampa hilo jina?”

Ephantus aliutazama mlango kwanza. “Ni jina la mtu. Hata watoto wa huyo mtu hawajui. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye ulinipatia mama yangu.”

Akamweleza. Wakati wa ghasia walikuwa wanaishi Yamumbi, pembeni mwa mji, mkewe ana mimba ya miezi saba. Nyumba ilipowashwa moto, jirani yao Mzee Kipkirui aliwaingiza katika ghala lake la mahindi na kuwafunika kwa magunia. Walikaa humo siku tisa. Wana wa Mzee walikuwa kwenye kizuizi, hatua chache barabarani, na walirudi nyumbani kula kila siku. Mzee aliwapelekea wageni wake ugali na maziwa ya mursik ndani ya ndoo, akisema ana mbwa amezaa ghalani na asisumbuliwe. Siku ya kumi aliwatoa alfajiri hadi barabara kuu. Kwa desturi ya akina Ephantus, mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na hakuna mjadala. Ephantus alimruka baba yake mwenyewe, akampa mtoto jina la Mzee. Akina Kipkirui ni wengi mno Uasin Gishu, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza ni yupi. Majirani wa Huruma walimwita mkewe Mama Kipkirui, yakaisha.

Musimbi alilia waziwazi. Kisha akafanya kosa ambalo mtu mzembe asingelifanya.

Aliongeza katika jedwali orodha ya watoto wenye majina ya kuazima, ili mashine isiwakatae. Na kwa kuwa mmoja akiwepo wapo wengine, alizunguka makanisani na sokoni kwa miezi mitatu akiuliza kwa upole, na watu wakamweleza, maana nani asiyemwamini Mwalimu Musimbi? Alipata watoto arobaini na mmoja. Kila mmoja alimwandikia badiliko lake, na kila badiliko likapata sababu kamili: jina la mtoto limetoka kwa nani, anakaa wapi, aliwaficha akina nani na kwa namna gani. Alijiona anawatendea haki. Alitaka siku moja mtu asome ajue kwamba hata mwaka ule, hapa kwetu, walikuwapo watu. Watoto wote arobaini na mmoja walikubaliwa na mashine, na mtoto wa Ephantus alikuwa ametibiwa homa yake siku ileile ya kwanza.

Mwaka ukazunguka ukafika Desemba. Uchaguzi mwingine ulikuwa unakaribia. Kesi za ghasia zilikuwa zinaendelea ng'ambo. Wakubwa waliogombana walikuwa wamekwisha kupatana na kupiga picha pamoja, lakini huku chini neno “shahidi” lilikuwa limegeuka tusi, na mahali pengine limegeuka hukumu. Watu walikuwa wakikaa kwenye vibanda vya intaneti wakitafuta ni nani aliyeona nini Januari ile. Na mtandao haujui siri; ukiuuliza, unajibu.

Jumamosi moja asubuhi Ephantus alifika Kimumu akihema, akamwekea karatasi mezani.

“Hii inapigwa photocopy Huruma kama mtihani umeibwa,” alisema. “Mwalimu, haya maneno nilikuambia wewe peke yako.”

Musimbi hakuhitaji kusoma zaidi ya mstari mmoja. Nukta zilikuwa zake, mikato ilikuwa yake. Juu ya karatasi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: MASHAHIDI NI HAWA.

Alimpigia Kigen. Kigen alisikiliza, kisha akasema anauondoa ukurasa wa Nipo saa hiyohiyo.

“Na zile sababu?” Musimbi aliuliza.

“Musimbi, unajua vile inafanya kazi. Kila mtu amechukua Nipo amechukua na historia yake yote. Ziko kwa watu karibu elfu mbili. Naweza kuwaandikia niwaombe.”

“Waombe.”

“Nitawaomba,” alisema Kigen, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Ephantus na Musimbi walipanda boda moja hadi Yamumbi. Njia nzima Musimbi alikuwa akipanga maneno. Mzee lazima aondoke leo, aende kwa ndugu, Nandi au popote, hadi mambo yatulie. Alijipa moyo kwamba karatasi ni ya Huruma, na Yamumbi ni mbali kidogo. Moyo wa mwenye kosa hutafuta pa kushika.

Walipokaribia walisikia harufu ya mahindi yaliyoungua. Ghala halikuwapo. Palikuwa na majivu, na mavuno ya mwaka mzima yamelala humo meusi, mengine bado yanatoa moshi. Mzee Kipkirui alikuwa ameketi barazani, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mwanawe mkubwa, Kiprotich, alisimama karibu na ndoo ya maziwa. Alimtazama Ephantus muda mrefu kabla ya kuitikia salamu.

“Walikuja jana wakati wa kukama,” Mzee alisema. “Wanaume wanne, siwajui. Waliniuliza nitapanda ndege lini. Nikawaambia mimi hata Nairobi sijafika. Wakanipatia karatasi.” Aliichomoa mfukoni kwa mkono wa kushoto. “Mimi sijui kusoma, na huyu amesoma peke yake akanyamaza, hataki kuniambia. Wewe ni mwalimu. Soma.”

“Mzee, si lazima—”

“Soma.”

Musimbi alisoma maneno yake mwenyewe kwa sauti, mbele ya baba na mwana.

“Badiliko: jina Kipkirui, mtoto wa Ephantus Wanyoike, Huruma. Sababu: mtoto si wa jamii ya jina lake. Amepewa jina hilo kwa shukrani, kutoka kwa Mzee Kipkirui wa Yamumbi, nyumba ya tatu baada ya kinu cha kusaga. Mzee huyu aliwaficha wazazi wake katika ghala lake la mahindi siku tisa, Januari 2008, wakati wanawe wenyewe walikuwa kwenye kizuizi.”

Ng'ombe alilia nyuma ya nyumba, hakuna aliyekwenda. Musimbi hakuweza kumtazama Kiprotich. Sentensi ile ya mwisho alikuwa ameiongeza ili msomaji aelewe ujasiri wa Mzee ulikuwa mkubwa kiasi gani. Sasa aliisikia kama walivyoisikia wale wanne: baba amewataja wanawe.

“Wewe ulitusema?” Kiprotich alimwuliza baba yake kwa sauti ya chini.

“Sikukusema kwa mtu. Karibu miaka mitano nimekula na wewe na sijakuuliza ulifanya nini huko barabarani.”

“Imeandikwa.”

“Imeandikwa,” Mzee alikubali. “Na si uongo.”

Kiprotich aliichukua ndoo ya maziwa, akaiingiza ndani, akafunga mlango. Walisikia komeo. Mzee alikuwa amebaki nje ya nyumba yake mwenyewe, naye aliutazama mlango ule kidogo, kisha akageuka.

“Ni wewe uliandika?”

“Ni mimi, Mzee. Nilidhani ninakushukuru.”

“Basi futa.”

Angeweza kumdanganya. Alimwambia ukweli, kwamba ukurasa umeshaondolewa, lakini maandishi yamechukuliwa na watu wengi, nchi nyingi, na hakuna mwenye uwezo wa kuyakusanya tena. Mzee alimsikiliza kwa makini, kama mtu anayeelezwa ugonjwa wake. Hakukasirika, na hilo lilimwumiza Musimbi kuliko kama angempiga.

Mzee akamgeukia Ephantus. “Mtoto ni mzima?”

“Ni mzima, Mzee. Ameanza nasari.”

“Mpatie jina la babu yake.”

“Mzee, hapana. Hilo siwezi.”

“Utaweza. Hilo langu sasa litamletea watu mlangoni. Mpatie la babu yake, mmwite hivyo hadi asahau. Na wewe usikuje hapa tena.”

Ephantus alichuchumaa mbele yake akalia, mkono wake juu ya goti la Mzee. Mzee alimwacha alie, kisha akautoa ule mkono taratibu na kumrudishia.

“Mwalimu,” alisema bila kumtazama Musimbi. “Watu kama mimi kwa hiyo kitabu yako tuko wangapi?”

“Arobaini na mmoja.”

“Hao arobaini wameambiwa?”

Musimbi alitikisa kichwa. Wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Priscah, mjane wa hukohuko Kimumu, aliyewahi kulaza watoto watano wa watu chini ya kitanda chake. Sababu yake ilikuwa na mistari sita.

“Basi nenda,” Mzee alisema. “Hapa umechelewa.”