Nyoka Wasio na Sumu

Watu mia tatu na kumi na wanane, kwa miaka kumi, katika wilaya tatu tu za tambarare, walikuwa wameuawa na nyoka asiye na sumu. Ndivyo jedwali lilivyosema. Sunaina Mandal alilisoma mara tatu, kisha akaisogeza glasi yake ya chai mbali asije akairusha.

Kazi yake katika ofisi ile ya utafiti, pale Kathmandu, ilikuwa kugeuza namba. Zahanati za vijijini ziliandika magonjwa kwa namba za zamani. Dunia siku hizi ina namba zake, na bila hizo hakuna mtafiti atakayekusikiliza. Kuhara ilikuwa namba hii, sasa inakuwa ile. Kifua vivyo hivyo. Nyoka ndiye aliyeleta balaa. Zamani alikuwa na namba moja tu, arobaini na saba, na namba mpya zilikuwa mbili: mwenye sumu na asiye na sumu. Mkuu wake, Daktari Tikaram Wagle, aliamua kwamba pasipoandikwa sumu, basi sumu haikuwapo. Na nani kule tambarare anajisumbua kuandika sumu? Ni sawa na kuandika kwamba mto una maji.

Jumapili, ambayo huko ni siku ya kazi, jedwali lingepelekwa wizarani, na kwa jedwali hilo hilo dawa ya nyoka ya mwaka mzima ingegawiwa, zahanati kwa zahanati. Mvua, zinazowatoa nyoka mashimoni, zilikuwa wiki tatu mbele. Zahanati ya Belhi, kijijini kwao Sunaina, haikuwa na chupa hata moja.

Wagle hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana mbaya angalau unamtukana ukapumua. Alizaliwa milimani, kwenye baridi. Nyoka aliyemjua ni yule wa picha inayobandikwa juu ya mlango siku ya ibada yake. Alimsikiliza Sunaina akitabasamu, akamwambia kuwa sayansi haibahatishi, na kwamba watu wa tambarare hasira zao na joto lao ni mtu na ndugu yake. Mkuki kwa nguruwe. Sunaina alimeza matusi manne, akabaki amesimama mlangoni mpaka daktari akachoka kumtazama. Basi, akasema, atazame safu ya dawa. Aliyechomwa dawa ya nyoka ahesabiwe kuwa aliumwa na mwenye sumu.

Hilo lilikuwa neno la akili, na Sunaina alirudi mezani karibu anacheka. Akaandika amri, mashine ikasaga, watu mia mbili na hamsini na saba wakahamia upande wao wa haki. Wakabaki sitini na mmoja. Akawafungua, mmoja mmoja.

Kumi na wanne walikuwa wa Belhi. Wote walikufa, na wote safu ya dawa ilikuwa tupu. Majina yalikuwa yamefutwa, kama sheria inavyotaka, lakini wa tisa alikuwa mwanamume wa miaka kumi na tisa, mwezi wa Saun, katikati ya mvua, aliyeumwa akiwa amelala sakafuni. Sunaina hakuhitaji jina. Alikuwa Lalbabu, mdogo wake wa kumfuata.

Hakubisha hodi kwa Wagle safari hii.

"Daktari, hawa hawakupewa dawa kwa sababu haikuwapo. Waliopewa umewahesabu, utawapelekea nyingine. Walioikosa, unawanyima kwa sababu waliikosa."

"Dada, ushahidi uko wapi?"

"Wamekufa. Nyoka asiye na sumu anaua vipi? Kwa kusengenya?"

Wagle alivua miwani, akaipangusa, akasema taratibu kwamba kanuni ikishawekwa haivunjwi kwa ajili ya kijiji kimoja, hasa kijiji cha mtu wa ofisini. Wataeleza chini ya ukurasa.

"Kwa herufi ndogo?"

"Kwa herufi ndogo. Kuna nyingine huwekwa chini?"

Sunaina alitoka hadi uani kwa hasira, hasira ya kweli, ile inayokausha mate. Akampigia Mzee Jibachh, mwandishi wa daftari la zahanati ya Belhi, mtu ambaye kijiji kizima kilimtania kwamba hata mbu akimuuma huandika saa.

"Mzee, mvua zikianza, akiletwa aliyeumwa, andika kwamba umempa chupa kumi za dawa, ili jedwali la mwaka ujao limhesabu."

"Kumi nizitoe wapi, mwanangu? Kabati lina buibui."

"Andika tu."

Mzee akasema kwamba miaka thelathini na moja hajaandika asichokitoa. "Hata Lalbabu wenu nilimwandika kweli. Nilimshika mkono mpaka mwisho, nikaenda daftarini, sikujaza kitu, maana sikumpa kitu."

"Najua, Mzee. Nimemkuta leo kwenye orodha." "Ukweli wako wameusoma. Wanasema nyoka wa Belhi hawana sumu."

Upande wa pili wa simu zikasikika kurasa za daftari zikifunuliwa.

"Chupa ngapi ulisema?" akauliza Mzee Jibachh.