Sauti ya Muhonja Dirishani

Kimeu, keateka anayesimamia ploti moja ya kupanga Kayole, akifungua maji ya mgao huandika kwenye grupu la wapangaji, na ujumbe wake humezwa na vichekesho. Muhonja, mpangaji mmoja, alichoka kuyakosa maji. Akaiomba AI imfundishe kuitegesha simu yake, wakasumbuana mchana kutwa, hadi simu ikaelewa: Kimeu akiandika "maji", ipayuke kwa sauti ya Muhonja mwenyewe, "Maji, nyinyi! Amkeni!"

"Umeajiri simu?" Wanza, jirani yake, alimcheka.

Jumamosi Muhonja aliisahau dirishani ikichaji, akaenda sokoni. Aliporudi, bomba lilikuwa limekauka tena. Akapanda ngazi akisonya. Mlangoni akakuta mitungi yake imejaa pomoni, na Wanza kando, kanga imelowa.

"Umetufokea ploti nzima kutoka dirishani," Wanza akasema. "Nani angethubutu kukuachia mitungi mitupu?"

Muhonja akaingia ndani kifua mbele.