Pini Mdomoni

Mwalimu mkuu alikigonga kipaza sauti kwa kidole kana kwamba hakiamini, akatutangazia wazazi kwamba mwaka ujao shule itaanzisha vipindi vipya vya vipaji. Alasiri, masomo ya kawaida yakiisha, kila mtoto atakuwa na kipindi kimoja cha kumkuza: chesi, uchoraji, bustani, vinanda, kompyuta au mdahalo. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, maana nilikuwa nimeshachagua. Chesi! Binti yangu angekaa mezani, asukume vile visanamu vyake kimya kimya, na asingetokea mtu wa kumwuliza chochote.

Binti yangu ana kigugumizi. Tunamwita Kifungo kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja wangu, na mtoto wa fundi cherehani akishafanya kituko kama hicho, jina halimtoki tena. Wifi yangu, ambaye ana maneno kuliko hata mimi, husema kile kifungo hakikuwahi kutoka, ndicho kinachomkwama mtoto kooni mpaka leo. Ukoo mzima hucheka. Mimi pia hucheka, kisha siku nzima nakuwa na kinyongo naye.

Nyumbani kwetu hakuna neno la Kifungo linalofika peke yake. Akianza, baba yake anamalizia. Baba yake akichelewa, namalizia mimi, na mimi sichelewi. Mtaani wananiita Redio, wala hawanisingizii. Sasa ungetaka tufanye nini? Mtoto anahangaika, shingo imemkakamaa, macho yamemtoka, nawe neno analolitafuta unalijua. Utamwacha ateseke? Unampa. Naye anaitikia kwa kichwa, mambo yanaisha.

Tulipotoka mkutanoni nikamwambia, "Umesikia, mama? Chesi. Mchezo wa watu wenye akili zao."

"Mimi na-na-nataka..."

"Uchoraji? Hata huo mzuri."

Akatikisa kichwa.

"Bustani? Vinanda? Haya basi, kompyuta."

Akasimama kabisa katikati ya njia, watu wakawa wanatupita huku na huku wakitutazama. Alifumba macho, akakaza ngumi, akakaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya. "M-m-m... mdahalo," akasema.

Katika vipindi vyote nilivyomtajia, hicho sikukitaja, kwa sababu hakikunijia akilini hata kidogo. Kipindi cha kusimama mbele ya watu na kubishana! Niliwahi kumkuta mtoto wa jirani akimwigiza bombani, anagonga maneno huku wenzake wameshika mbavu, nikamfokea mpaka mama yake akatoka nje na mwiko mkononi. Hapo ilikuwa bombani tu, watoto wanne watano. Huko ukumbini ningemfokea nani?

Siku chache baadaye nilikuwa kibandani kwangu nampima nesi mmoja gauni lake. Gauni lilikuwa limempwaya kiunoni, nami nilikuwa nimepiga magoti nimezishika pini midomoni kama kawaida, nachomoa moja moja nabana kitambaa. Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri sketi yake. Kifungo alikuwa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, anasimulia habari ya mwenzake wa dawati aliyeleta kifaranga darasani ndani ya sweta. Kifaranga kikalia katikati ya hesabu, na mwalimu akadhani ni simu. Nesi alicheka mpaka pini ikamchoma.

"Mbona leo anaporoja hivi?" wifi akauliza. "Kigugumizi kimeenda likizo?"

Nikazitoa pini mdomoni. "Ah, hapa amezoea tu. Enhe, mwanangu, kikafanya nini hicho kifaranga?"

Kifungo akafungua mdomo. "Ki-ki-ki..." Shingo ikaanza kukaza.

"Kikakimbia?" nikamsaidia.

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanga nyuzi zangu kwenye kopo. Nami nikarudi kwenye kiuno cha nesi, maana alikuwa ana zamu.

Kesho yake nikaenda shuleni, roho juu. Mwalimu wa mdahalo alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa, ana kalamu nyuma ya sikio na vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Nikamvuta pembeni, karibu na mlango wa stoo.

"Mwalimu, nina shida ndogo. Huyu binti yangu mhamishie kwenye chesi. Usimwambie ni mimi. Mwambie tu nafasi zimejaa."

"Mama, alikuja mwenyewe kuniomba."

"Alikuombaje?"

"Kwa mdomo wake. Alichukua muda, nikamsubiri, akamaliza."

Hilo neno akamaliza lilinichoma. Nani alimwambia kwamba mtoto wangu anaweza kumaliza? "Watamcheka," nikasema.

"Huenda wakamcheka," akajibu, wala hakujitahidi kunifariji. "Ijumaa tuna majaribio, na wazazi mnakaribishwa. Sharti ni moja. Anayejaribiwa hasaidiwi. Mtu akimpa neno, awe mwenzake, awe mzazi, jaribio lake limekwisha palepale na nafasi inakwenda kwa mwingine." Alipotamka mzazi alinikazia macho. Sijui nani alimpelekea habari za Redio.

Siku zile sikuwa na raha. Nilishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, nikafumua, nikaurudisha palepale. Kila nilipofumba macho nilimwona Kifungo amekwama mbele ya ukumbi, na watoto wote wana sura ya yule wa bombani. Baba yake naye akawa anazunguka nyumba anasema litakuwa jema, litakuwa jema, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

"Wewe usiende," wifi akanishauri. "Mdomo wako hauna breki. Utamponza mtoto."

Nikamwambia anyamaze. Kisha nikakaa nikajua kasema kweli, na hofu ikabadilika. Mpaka hapo nilikuwa nawaogopa wenzake. Sasa nikawa najiogopa mwenyewe.

Lakini utakaaje nyumbani? Ijumaa nilifunga kibanda mapema, nikaenda na nguo zangu za kazini vilevile. Tukakaa safu ya mbele, mimi na baba yake, kwenye viti vya watoto ambavyo magoti yanafika kidevuni. Mwalimu akaitaja mada ya siku hiyo: mzazi ndiye anayefaa kumchagulia mtoto kipindi. Kijana mmoja akaiunga mkono, maneno yanamtiririka kama tangazo la sabuni. Akapigiwa makofi. Kisha mwalimu akamwita Kifungo aipinge.

Alipita mbele yetu ndani ya sketi ya shule niliyomshonea mimi, yenye pindo kubwa la kuteremsha akirefuka. Alikuwa mdogo sana pale mbele.

"Wa-waheshimiwa," akaanza. Likapita. "Mimi na-na-na..."

Likakwama. Shingo ikakakamaa, macho yakashuka sakafuni. Nyuma mtu akakohoa. Kiti kikalia. Kisha kicheko kimoja kidogo, cha puani, kikatoka upande wa madirishani, na jasho likanitoka mgongoni. Napinga! Neno lenyewe ni napinga, liko hapa, limenijaa mdomoni, nilitoe tu tuondokane na aibu hii. Nikamsikia baba yake anavuta pumzi ya kusema. Nikamkanyaga mguu. Yeye nimemkanyaga mimi, na mimi atanikanyaga nani?

Mkono ukanipanda shingoni wenyewe. Kwenye ukosi wa gauni langu la kazi pini hazikosekani. Nikachomoa moja nikaibana kwa midomo. Nikachomoa ya pili, na ya tatu, nikaendelea mpaka mdomo ukafungika na nikaonja ile ladha ya chuma.

Kifungo akainua macho, akanitafuta mimi kama anavyofanya nyumbani akiwa anasubiri kupewa neno. Akaziona pini. Niliona mabega yake yakishuka. Hapo ndipo nikakumbuka kibandani, na gunia la vipande, na zile hadithi zake zote ndefu zisizokwama. Nikajua ni wakati gani huwa ananisimulia.

"Napinga," akasema. "Na-napinga kwa sababu mama yangu alinichagulia chesi. Mimi chesi siipendi."

Ukumbi ukacheka, lakini kicheko cha watu wanaosikiliza. Masikio yakaniwaka moto. Alaa! Mbele ya watu wote hawa! Nilikuwa na jibu lake, refu na zuri, na pini zimejaa mdomoni.

"Mama yangu ananipenda," akaendelea. Maneno mengine yalimgomea, akayasubiri, yakatoka. "Na-nikikwama ananipa neno. Nikichoka nalichukua, hata kama si langu. Juzi aliniuliza kifaranga cha mwenzangu ki-kilifanya nini. Akasema kilikimbia. Nikaitikia. Lakini hakikukimbia. Ki-ki-ki..."

Alikwama muda mrefu kuliko mara zote. Hakuna aliyecheka. Mimi nilibana pini mpaka moja ikanichoma mdomo wa chini.

"...kilikufa," akasema. "Kilikufa mikononi mwangu. Nilitaka ku-kumwambia mama."

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Najua aliendelea, na watu walipiga makofi, na mwalimu alimwambia mwaka ujao aje na daftari la hoja. Najua baba yake alinishika mkono, na machozi yalinishuka mpaka kidevuni nami siwezi hata kuvuta kamasi vizuri kwa ajili ya zile pini.

Tulipotoka getini baba yake akatangulia mbele kununua maji. Kifungo akatembea kando yangu, ananiangalia kwa pembe ya jicho, hajui kama nimekasirika.

"Mama," akasema. "U-u-u..."

Nikasubiri. Ulikuwa muda mrefu. Tulipita duka la vioo, tukapita kwa fundi baiskeli.

"...unaweza kuzitoa sasa."

Nikatikisa kichwa. Nikapunguza mwendo, nikamfanyia ishara kwa mkono, ile ninayomfanyia kibandani nikitaka aendelee. Akafikiri kidogo, kisha akaanza upya habari ya kifaranga, tangu kilipotolewa ndani ya sweta.