Kutafuta Ndago kwa Vidole

Mume wangu ni mbishi, nami si mpole, ndiyo maana tumedumu. Alishona nguo za watu kwa miaka thelathini na minane, akafunga duka mwaka jana baada ya daktari wa macho kumwambia kwamba presha ya macho imeshafanya kazi yake. Matone yangelinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakingerudi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa kibarazani ameshika tama, cherehani imefunikwa shuka, na mimi nikawa napika kwa hasira kwa sababu sikujua nimkasirikie nani.

Mbele ya kibaraza hicho tuna kiwanja cha ukoka, hatua ishirini kwa kumi na tano. Jioni nikimaliza kazi hujilaza pale, miguu nikaiweka juu ya kigoda, na mtu asinisemeshe. Nakipenda kiwanja kile na sioni haya kusema hivyo. Sasa kikaingiliwa na ndago. Asiyeijua ndago ana bahati yake. Kwa mbali ni jani kama majani mengine, ila chini ya udongo ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga. Ukivuta jani linakatika, viazi vinabaki, na baada ya wiki, pale ulipong'oa moja pameota tatu.

Kijana wetu mkubwa ni fundi wa kupanga vitofali vya saruji kwenye nyua za watu. Alipotutembelea akazunguka kiwanja mara moja tu, akasema dawa ya hayo ni kufunika kote kwa vitofali, tupumzike. Alisema kwa mapenzi, mwanangu namjua. Nikambembeleza mpaka akatupa miezi mitatu: akirudi akute ndago zinapungua, atatuachia majani yetu, la sivyo analeta lori. Mzee alisikia yote kutoka kitini pake, na asubuhi nikamkuta ameshika jembe.

Alilima wiki nzima, nikafurahi kama mtoto. Lakini mume wangu hajawahi kutupa kipande. Vitambaa vilivyobaki dukani alivigeuza foronya, vilivyobaki kwenye foronya akavigeuza vishikio vya sufuria. Kwa hiyo ndago zote alizolima alizipeleka kwenye shimo la mbolea, akazichanganya na maganda ya jikoni, akazifunika vizuri. Baada ya wiki tano akaitoa ile mbolea na kuitandaza juu ya kiwanja chote, kona hadi kona, kwa mkono wa mtu anayejua kupima.

Ndago zikaota kila mahali, hata sehemu ambazo hazikuwahi kufika. Ziliota kwa kulingana, hakuna pengo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, naye hakunijibu hata moja. Alirudi kitini, safari hii akakigeuza kiti kikatazama ukuta, akakaa hivyo siku mbili. Kwa kweli ningependa anijibu, tugombane yaishe.

Siku ya tatu nikaenda kwenye duka la mbegu na dawa za shamba. Mama mwenye duka alinisikiliza mpaka habari ya shimo la mbolea, hapo akacheka hadi akashika meza. Alipotulia akasema dawa ya kupuliza ipo, ila mara nyingi inachoma majani na kuacha viazi, na mimi sikuwa na muda wa kurudia rudia. Nimwagie maji udongo ulainike, nichomeke kitu chembamba kando ya shina, nifuate mzizi kiazi kwa kiazi bila kukata. Nikivitoa nivikaushe juani juu ya bati, shimoni nisivipeleke tena maishani mwangu.

"Na usihangaike kutazama majani," akaniambia. "Shika shina. La ndago lina pembe tatu, ukoka hauna pembe."

Nilirudi nikamwaga maji, nikapiga magoti. Ya kwanza ilikatika, ya pili ikakatika, ya tatu nikaitukana. Nikasikia kiti kinasogea. Mzee akashuka, akapiga magoti kando yangu, mkononi ana bisibisi ndogo ya cherehani. Akapitisha vidole juu ya majani taratibu, vikasimama kwenye shina moja, akalizungusha kidogo. Bisibisi ikaingia, ikapekua, na ikatoka ndago nzima na viazi vyake saba, hakuna kilichokatika. Muda wote huo uso wake ulielekea getini.

Hapo nikaelewa. Nilijua macho yake ni mabovu, sikujua yamefika huko.

"Unaona kiasi gani?" nikamuuliza.

"Nakuona wewe ukisogea."

"Basi nitakuwa nasogea sogea."

Akacheka, akahamia shina linalofuata. Kuanzia hapo kila asubuhi mimi namwaga maji na kubeba sinia, yeye anafuata kamba niliyomfungia kwenye vijiti, mstari kwa mstari. Ulimi nao ukamfunguka. Alinisimulia wateja wake wote, hadi bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Sikuwahi kuwa na asubuhi nzuri kama zile.

Kijana aliporudi na futi yake mkononi, nusu ya kiwanja ilikuwa safi na nusu bado ina ndago. Alitazama huku, akatazama kule, kisha akamtazama baba yake aliyekuwa chini anapapasa.

"Baba, unazionaje hizo?"

"Sizioni."

Kijana alinigeukia, nikatikisa kichwa. Akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungepanga vitofali mpaka kitandani."

Kijana akacheka, kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alisimama pembeni akampigia simu dereva wa lori, akamwambia mzigo aupeleke kwa mteja mwingine. Halafu akavua viatu, akaomba naye apewe bisibisi, akachukua mstari ulio kando ya baba yake. Alifanya kazi haraka, kama wafanyavyo watu wenye macho, akafika mwisho na kujinyoosha mgongo.

Mzee alirudi mwanzo wa mstari wa mwanawe, akaupitia kwa vidole, akang'oa ndago tatu zilizosahaulika na kuziweka kwenye sinia. Kijana alizitazama kwa muda. Kisha akarudi kwa magoti hadi pale alipoanzia, akafumba macho, na kuanza upya.