Benchi la Waliofanana

Mvua ya mchana ilipoanza kugonga bati la banda la baiskeli chini ya dirisha, nusu ya mtunza Kabati ilikuwa imeshalala. Kabati lenyewe halikuwa la mbao. Ndivyo ofisi ya takwimu ilivyouita mkusanyo wa amri ndogondogo ambazo kila mtu alizitumia katika programu zake. Moja ilifyeka nafasi tupu zilizoning'inia pembeni mwa maneno. Nyingine ilizichukua tarehe zilizoandikwa ovyo ikazifanya za namna moja. Kulikuwa na ya kuunganisha majedwali, na ya kuondoa mistari iliyojirudia. Nyingi ziliandikwa na mtangulizi wake, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kujifugia nyuki. Mtunza huyu alijifundisha mwenyewe lugha ya programu kwa kuzisoma amri hizo, taratibu, kama mgeni anayezoea nyumba kwa kupapasa kuta. Mwishowe alizizoea hata akawa anaziona kama watu wa nyumbani.

Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa pacha wake, muuguzi wa wodi ya watoto njiti katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji.

"Mdogo wangu, umelala?"

"Sijalala. Na kutangulia mlangoni hakumfanyi mtu kuwa mkubwa."

"Haya, bibi kizee. Sikiliza. Rasimu ya ripoti yenu imetufikia. Mbona watoto wetu wamepungua hivyo? Leo nimewalaza wawili wawili kwenye kitanda kimoja cha joto, wengine nimewafunga vifuani mwa mama zao. Na vitanda vipya vinagawiwa kwa hesabu yenu, unajua?"

"Najua."

"Basi tuhesabuni vizuri. Mkishindwa, njooni muwapakate wenyewe."

Ripoti ilikuwa iondoke jioni ileile. Akalifungua jedwali kama lilivyotoka hospitalini, bila majina, likiwa na namba ya mama, siku ya kuzaliwa, mpangilio wa kuzaliwa, uzito na vijisafu vingine. Akaipitia programu hatua kwa hatua. Kila hatua ilipita bila kulalamika. Feni ilizunguka, mvua ikazidi kuwa ya usawa mmoja, na herufi kwenye kioo zikaanza kupumua. Akaegemeza shavu kwenye mkono, kidogo tu.

Akajikuta ndani ya Kabati. Ilikuwa nyumba yenye ukumbi mrefu na mwanga wa maziwa. Mtu mmoja alifagia vizingiti, mwingine alikunja tarehe kama nguo zilizoanuliwa. Mlangoni alisimama bawabu mpole mwenye aproni, akiwapokea watoto wachanga waliofungwa blanketi. Mmoja alimwingiza. Aliyefuata akamtazama, akatikisa kichwa kwa upole, akampeleka kwenye ujia wa pembeni.

"Huyo anakwenda wapi?" mtunza akauliza.

"Ameshaingia huyu."

"Aliyeingia ni mwenzake."

"Namba ni ileile, siku ni ileile," bawabu akasema, bila ubishi. "Ndivyo nilivyoagizwa."

Akaufuata ule ujia. Kulikuwa na benchi refu lililopotelea mbali, na juu yake watoto wamepangwa, macho wazi. Hakuna aliyelia. Mwishoni palikuwa na nafasi tupu na blanketi la njano lenye kona iliyoliwa na nondo. Alilijua. Mama yao, yeye na pacha wake, alikuwa nayo mawili.

"Hapa ni pa nani?"

"Wewe ulikuja wa pili," bawabu akamjibu.

Alipoamka, chapa ya saa ya mkononi ilikuwa imebaki shavuni. Akaifungua amri ya kuondoa marudio na kuisoma kana kwamba hajawahi kuiona.

Mtangulizi wake aliiandika kwa ajili ya bei za sokoni. Huko, soko lilelile likionekana mara mbili siku ileile, ni kidole cha mwandishi kilichoteleza. Kwa hiyo, usipoiambia amri ilinganishe nini, yenyewe ilichukua safu ya kwanza pamoja na tarehe. Kwa bei ilikuwa sahihi kabisa. Ila katika jedwali la uzazi, safu ya kwanza ilikuwa namba ya mama. Kila pacha wa pili alitolewa kimyakimya, na mapacha ndio hasa wanaozaliwa wadogo. Hakuona wa kumlaumu. Mzee wa watu aliwaza vitunguu, hakuwaza wodi.

Akamwita mwenzake wa meza ya jirani, aliyeandaa ripoti, ambaye ofisi nzima ilimwita Desimali kwa kupenda kubishania vipande vidogo.

"Si uniongezee tu safu ya mpangilio wa kuzaliwa kwenye programu yangu, yaishe?" Desimali akasema. "Kabati usiliguse, bwana. Programu za ghorofa nzima zitagoma. Watu watakuja hapa na viatu mkononi, watupige."

"Waje. Amri ikikosa kuambiwa, bora igome kuliko kubahatisha."

"Na mkuu je?"

Mkuu wa kitengo alikuwa ameshasimama nyuma yao na kikombe chake. "Mkuu anasikia," akasema. "Ripoti itachelewa?"

"Haitachelewa. Hizo programu nyingine nitazipitia meza kwa meza."

"Na takwimu tulizokwisha kuzitoa?"

"Tutazirudia. Huenda nyingi zitabaki zilivyo. Nyingine sijui."

Mkuu akakitua kikombe mezani. "Sipendi hilo 'sijui'," akasema. "Lakini endelea."

Mtunza akaibadilisha ile amri. Sasa amri ilisimama na kuuliza ilinganishe safu zipi, na kila mstari ilioutoa iliuweka kwenye jedwali la pembeni, uonekane. Akaiendesha kwa data za uzazi. Hesabu ya wodi ikapanda hadi Desimali akapiga mluzi. Katika jedwali la pembeni ilibaki mistari michache, kila mmoja ukifanana na mwenzake hata kwa mpangilio wa kuzaliwa. Hivyo vilikuwa vidole vilivyoteleza kweli. Akaikagua yote mmoja mmoja, asije akaacha mtu.

Ripoti ilipoondoka, mtu wa kwanza alikuwa ameshafika mlangoni kulalamika, viatu miguuni. Akamwomba asubiri kidogo, akampigia pacha wake simu.

"Tayari. Sasa mpo wote."

"Vitanda vitakuja?"

"Hilo haliko mikononi mwangu. Ila wanaovigawa hawatasema hamna watoto."

"Ahsante, mdogo wangu. Ngoja umsikie huyu, pacha wa pili. Wa kwanza kalala zamani, huyu anadai nyumba nzima iamke."

Muuguzi akaisogeza simu. Kilio chembamba, chenye hasira, kikaingia sikioni mwake. Akafumba macho, akakisikiliza mpaka mwisho.