Nilimkatia Njia

Wifi yangu ni mlinzi wa geti la hospitali, na neno lililomponza nilimfundisha mimi.

Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima, Jumamosi mchana, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya umeme. Wifi, mke wa kaka yangu, alijiunga kwa sababu hospitali ilibadilisha fomu za matukio zikawa za Kiingereza kitupu. Siku moja akauliza: ukimwahi mtu mbele ili asiendelee na safari yake, Kiingereza kinasemaje? Nikaandika ubaoni "cut off", na chini yake "head off". Hilo la pili lilimchekesha. Alisema linasikika kama kichwa kimeng'oka, akiliandika watamkamata kwa mauaji. Darasa zima likacheka. Nami nikaingia somo jingine bila kueleza kwamba hata lile la kwanza lina mambo yake: laweza kuwa kumkatiza mtu maneno, au kumkatia simu, au kukata kitu kikadondoka.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, bibi mmoja mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu alijipenyeza kwenye uzio wa waya, akatoka pekupeku kuelekea barabara ya malori. Wifi alimwona. Alijua kwamba bibi huyo ukimwita kwa nyuma ndiyo anaongeza mbio, kwa hiyo hakumwita. Akazunguka nyuma ya chumba cha kufulia, akatokeza mbele yake, akatanua mikono na kumwamkia. Akamuuliza anakwenda wapi. Bibi akajibu, wakazungumza kidogo, wakarudi wodini wameshikana mikono. Kisha wifi akajaza fomu: saa mbili na dakika kumi, mlinzi "cut off" mama mzee karibu na barabara.

Mchana binti wa mgonjwa alikuja, akakuta kiwiko cha mama yake kimechanika. Akauliza kulikoni. Akaonyeshwa fomu, akaisoma kwamba mlinzi amemkata mama yake.

Wifi aliitwa kwenye kikao siku ya Alhamisi. Nilikwenda naye. Mezani walikaa afisa utumishi, muuguzi mkuu na yule binti, amevimba kwa hasira. Wote wanne, pamoja na wifi, walisalimiana kwa Kiswahili, wakaulizana habari za nyumbani, na afisa akamtania muuguzi kuhusu kiti kibovu. Halafu akafungua faili na kuanza Kiingereza. Wifi aliomba waendelee kwa lugha waliyosalimiana nayo. Afisa akasema kumbukumbu za kikao ni za Kiingereza.

Nikaeleza, kwa Kiingereza chake hichohicho, kwamba neno lile halikuhusu kisu wala kucha. Nikamtolea visawe vyake vyote, na Kiswahili chake: kumwahi, kumkingama, kumzuia njiani, kumkatia njia. Nilikuwa nimebeba kamusi. Hakuitazama. Alisema basi tunakubaliana kwamba taarifa iliandikwa vibaya, na akasukuma barua mezani. Wifi akiri kumjeruhi mgonjwa bila kukusudia, asimamishwe wiki mbili, mambo yaishe. Asiposaini, kazi hana.

Wifi hakuigusa barua. Alisimama, akaenda mlangoni, akaupa mgongo na kutanua mikono.

"Afisa, inuka utoke," alisema kwa Kiswahili.

Afisa alibaki amekodoa macho.

"Njoo upite hapa. Huwezi, maana nimekuwahi. Nimekukata wapi? Hiki ndicho nilichomfanyia mama wa watu. Wewe kipe jina kwa lugha unayoitaka. Kile kiwiko kilichanwa na waya wa uzio wenu, nimewaambia mara tatu una tundu."

Muuguzi mkuu aliinamisha kichwa. Binti aliuliza, sasa naye kwa Kiswahili, mama yake alikuwa anakwenda wapi.

"Nilimuuliza hivyohivyo," wifi alisema. "Akaniambia anamfuata mwanawe shuleni, amechelewa, mtoto atalia. Nikamwambia, mama, kengele haijagongwa bado, turudi tusubiri. Akakubali."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akavuta fomu ya malalamiko yake mwenyewe na kuikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Alisema hana shauri na mlinzi. Ana shauri na uzio.

Nilidhani yamekwisha. Afisa akakohoa, akasema hata hivyo suala la taarifa isiyoeleweka linabaki, na wifi atapewa onyo la maandishi.

Hapo ndipo nilipopoteza adabu. Nilimwambia kwamba watu watano chumbani humu wameelewa kila kitu kwa dakika mbili, mara tu tulipoacha kujifanya hatuelewani. Nilimwambia fomu ile ndiyo ingestahili onyo. Aliniomba nitoke, nikatoka, nikasahau kamusi mezani.

Wifi alinikuta kwenye benchi la nje. Onyo alikuwa nalo mkononi. Sehemu ya saini alikuwa ameandika, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba hakubali, akaeleza tukio zima mpaka nyuma ya karatasi.

"Wifi, nisamehe," nilimwambia. "Neno nilikupa mimi."

"Wewe ulinipa neno. Wao walitafuta kosa," alijibu. "Sikuchanganyi nao."

Kazi anayo mpaka leo. Uzio ulizibwa wiki iliyofuata, kwa sababu binti aliandika barua kali. Onyo bado limo kwenye faili lake. Mimi nimetafsiri fomu ile ya matukio kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, nikaipeleka kwa afisa utumishi mara mbili. Mara zote mbili katibu wake ameipokea, akaigonga muhuri, na kuniambia inafanyiwa kazi. Jumatatu nakwenda mara ya tatu, na safari hii sikai kwenye benchi la nje.